Laini tatu kwa harusi moja: msimu mzima na Speedify hapa Wete

Mimi napiga picha za harusi, upande wa wanawake, hapa Wete. Wanaume wana mpiga picha wao anayekwenda na nikahi msikitini. Mimi naingia ndani, kwa bi harusi, kwa wapishi uani, kwa kina bibi waliokaa kwenye majamvi wakikosoa kila kitu. Siku hizi kabla mtu hajaniuliza bei ananiuliza, "Na Muscat wataona?" Ukoo usio na watu Oman hapa Pemba ni wa kutafuta kwa taa. Wengine wako Dubai, wengine Uingereza, na wote wanataka kumuona bi harusi saa ile ile anapotolewa. Video ya baada ya wiki mbili hawaitaki.

Basi narusha mubashara, kupitia YouTube. Kiungo kinakwenda kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa familia tu, na asiyekuwa nacho haoni kitu. Nalisema hili mapema maana najua kuna watakaouliza.

Kilichonifikisha kwenye Speedify, programu inayounganisha laini kadhaa za intaneti zikafanya kazi kama moja, ni aibu. Mfunguo Mosi wa mwaka juzi nilikuwa na harusi Limbani, nina laini moja tu, ya kampuni nisiyoitaja. Bando limejaa, alama za mtandao zimejaa, mimi mwenyewe nimejaa raha. Bwana harusi akaletwa kumpa mkono bi harusi. Vigelegele, udi unafuka, akanyanyua mkono amwekee kwenye paji la uso asome dua, na picha ikaganda hapo hapo. Muscat wakabaki wanatazama kiganja kiko hewani, hakijafika. Dakika nne nzima. Picha ilipozinduka watu wameshafika kwenye halua na kahawa. Mama mkubwa wa bi harusi, ndiye aliyemlea tangu mdogo, hakuweza kusafiri kwa sababu ya magoti. Alinitumia ujumbe wa sauti, wala hakupandisha sauti: "Mwanangu, mie nimeona mkono tu." Bora angenitukana.

Mdogo wangu, anasomesha kompyuta skuli, alinicheka kwanza halafu akanieleza. Vituo vya televisheni vikirusha mpira au hotuba kutoka barabarani havitegemei laini moja. Wana mabegi ya mgongoni, kama yale ya LiveU, ndani yake mna laini kadhaa za simu zinazofanya kazi kama laini moja. Kuna na ruta za Peplink zinazofungwa kwenye mabasi na meli kwa kazi hiyo hiyo. Vyote vizuri, vyote si vya kipato cha harusi za Wete; hata tungeuza ng'ombe wa baba wote wawili. Cha watu wa kawaida, akasema, ni programu tu unayoiweka kwenye kompyuta uliyonayo: Speedify, ya kampuni inayoitwa Connectify, ya Philadelphia, Marekani. Ipo tangu 2014. Inakaa kwenye Windows, Mac, Android, iPhone na Linux.

Sikumuelewa mpaka aliponitolea mfano wa kitanda, na tangu siku hiyo huu ndio mfano ninaowapa wateja. Chukulia kitanda cha samadari kinahamishwa kutoka Chake kuja Wete, na wewe una gari mbili. Kuna namna ya kugawa mzigo ambayo ruta nyingi za laini mbili zinaifanya: kitanda kizima gari hii, godoro gari ile. Gari mbili zinatembea, kweli, lakini kitanda hakifiki mapema hata kwa dakika moja, na gari yake ikiharibika njiani, kitanda kimelala njiani. Kuunganisha laini ni kukifungua kitanda. Miguu na mbao za ubavuni gari hii, kichwa na chaga gari ile, kila kipande kimetiwa namba, na Wete yupo fundi anayepokea vipande na kukisimamisha tena kama kilivyokuwa. Fundi huyo ndiye seva. Iko mbali, kwenye mashine za kampuni yenyewe, na ndiyo hasa unayoilipia. Mtu akikwambia programu yake inaunganisha laini bila ya fundi upande wa pili, muulize kitanda anakisimamisha nani.

Fundi naye hawezi kusimamisha kitanda cha miguu mitatu. Gari moja ikiwa Suzuki Carry na nyengine ni ya punda, kitanda kitasimama punda akifika. Speedify inazipima laini muda wote na kumpunguzia punda mzigo, lakini punda akiwa mgonjwa sana, bora umfungue ubaki na Carry. Hili nimelijifunza kwa kutazama zile grafu zake: laini iliyochoka inavuta kazi nzima chini, unaizima kwa kidole, na picha inatulia.

Sasa vyombo vyangu. Kamera imeingia kwenye laptopu kwa waya wa HDMI, laptopu ina OBS, programu ya kurushia video. Laini ya kwanza ni simu yangu, kwa waya wa USB. Ya pili ni kiruta cha mfukoni chenye laini ya kampuni nyengine, kwa Wi-Fi. Ya tatu, nyumba ikiwa na intaneti yake, natandaza waya wa mita ishirini nilioagiza Darajani mpaka kwenye ruta yao, kwa sababu laptopu yangu hushika Wi-Fi moja tu kwa wakati mmoja na nafasi hiyo imeshachukuliwa na kiruta. Waya huo umeshakanyagwa na wapishi wote wa wilaya hii.

Mwanzo nilidhani simu yangu ya laini mbili imenimalizia kazi. Wapi. Simu ya laini mbili inatumia data ya laini moja kwa wakati mmoja, nyengine inakaa inangoja kupigiwa. Unahitaji vyombo viwili tofauti. Kuna kitu wanakiita Pair & Share, ambacho simu mbili tatu zenye Speedify zikiwa kwenye Wi-Fi moja zinaazimana data zao. Nimekitumia mara mbili kwa simu ya mpwa wangu, kikafanya kazi, mpwa wangu akanidai bando. Haki yake.

Siku ya kwanza nilipima nyumbani, asubuhi, nikiangalia kasi ya kupakia maana kwenye kurusha ndiyo inayonihusu. Simu peke yake ilinipa Mbps 1.9, kiruta 2.6, zote pamoja 4.1. Haikuwa 4.5, kwa sababu namba zile zinazobandikwa kwenye vipande nazo ni mzigo. Jioni baada ya magharibi, watu wote wamekaa na simu zao, nikapata 0.9 na 2.4, pamoja 3.0. Mimi narusha 720p kwa kbps 2,500, yaani Mbps 2.5. Ukitazama hesabu hiyo ya jioni utaona hakuna laini hata moja iliyoweza kubeba harusi peke yake, na pamoja ziliweza, kwa taabu kidogo. Hapo ndipo nilipotoa kadi.

Kadi yenyewe ni hadithi fupi: malipo ni ya dola, kwa mwezi au kwa mwaka, na mimi nilitumia ile kadi ya mtandaoni unayoitoa kwenye pesa za simu. Usajili unajirudia wenyewe. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi, kwa hiyo nausitisha Shaaban inapokwisha, narudi Mfunguo Mosi.

Ndani ya programu kuna namna tatu za kutumia laini zako. Moja ni ya kasi, inagawa vipande kama kitanda chetu. Moja ni ya kurudufu: kila kipande kinapelekwa kwa laini zote, kitakachofika mwanzo ndicho kinachochukuliwa. Ya tatu ni ya kurusha, ambayo inatambua kwamba hii ni video ya moja kwa moja au simu ya picha, ikaipa njia mbele ya mambo mengine. Mimi naanza na kukaa kwenye hiyo ya tatu. Somo wa bi harusi ananipa ishara kwa kope wakisikia gari ya bwana harusi, nami nageuza kwenye kurudufu. Dakika kumi hizo sitaki mchezo. Akishatoka narudi nilikotoka.

Sababu ya kurudi ni bando, na hapa ndipo wanaonunua kwa papara wataumia. Kbps 2,500 kwa saa moja ni kama GB 1.1. Sherehe ya saa tatu ni GB 3.4 hivi. Ukiacha kurudufu muda wote kwa laini mbili, umetumia karibu GB 6.8 kurusha picha ile ile moja, na kwa laini tatu ni zaidi ya 10. Si kasoro ya programu, ndivyo jambo lenyewe lilivyo. Ukituma vitanda viwili utalipa nauli ya vitanda viwili. Ninachokipenda ni kwamba kila laini unaweza kuiwekea kikomo chake cha siku au cha mwezi, na kuipanga iwe ya kila wakati, ya pili, au ya akiba. Laini ya bei ghali naiweka akiba. Inakaa kimya mpaka wenzake washindwe.

Lakini kuna kitu namba za nyumbani hazikunionesha, nikaenda kukiona Mtambwe. Nilikwenda na laini mbili za kampuni mbili, kiburi tele, nimeshamwambia mama wa bi harusi asiwe na wasiwasi. Nyumba iko bondeni, mikarafuu huku na huku, bati juu. Laini zote mbili zikaanguka kwa pamoja, kama zimeambiana. Kumbe kampuni za simu hukodi nafasi kwenye mnara mmoja, na mnara wenyewe ulikuwa ng'ambo ya kilima. Mimi nilikuwa na kadi mbili na njia moja. Pemba yetu ni ya vilima na mabonde, hatua hamsini zinabadilisha kila kitu, na hakuna programu ya Philadelphia itakayohamisha kilima. Kijana mmoja wa pale akachukua kile kiruta cha mfukoni, akakitia kwenye pakacha, akapanda nacho mfenesini. Wi-Fi ikashuka kutoka juu ya mti, mtandao ukarudi. Tumerusha saa mbili kutoka kwenye mfenesi. Siku hizi nikichukua kazi ya shamba naenda kupima siku moja kabla, na nauliza kama kuna mti wa kupandika.

Na zaidi ya mnara kuna bahari. Laini za kampuni tatu hata zikipanda minara mitatu, zikishafika Dar es Salaam zinaingia kwenye nyaya chache zile zile za chini ya maji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini na intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi jirani. Siku kama hiyo ziunganishe laini kumi, utapata jumla ya kumi mbovu. Namwambia mteja hili kabla ya kupokea malipo ya mwanzo, maana nikilisema baadaye litakuwa udhuru.

Jengine la kulijua ni kwamba Speedify, kwa jinsi inavyofanya kazi, ni VPN: kila kinachotoka kwenye laptopu kinafungwa kwa siri mpaka kwenye seva yao. Kwa kazi yangu ya ndani ya wanawake napenda, hasa ninapokuwa kwenye Wi-Fi ya watu ambayo nusu ya mtaa wanajua neno lake la siri. Tusidanganyane lakini, video ikishafika YouTube iko YouTube. Upande wa sheria, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajisajili. Nilijaza fomu yao. Unaifanyia biashara, jaza na wewe.

Kwa michezo ya kompyuta na mambo ya haraka haraka kama hayo, mpwa wangu aliijaribu kwa seva ya London akanirudishia simu na uso umekunjamana. Kila kipande kinazunguka kwenda kwa fundi kwanza, na London si Chake. Kwenye harusi kuchelewa sekunde mbili tatu hakuna anayekujua. Na simu inayotoa data huku inachaji, juani, inapata moto wa kukaanga yai. Iweke kivulini, juu ya sinia la shaba kama lipo. Masinia nitayarudia.

Harusi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa hapa hapa mjini, Wete, msimu wa karafuu uliokuwa mzuri, kila mtu ana pesa na kila mtu anaoza. Nyumba ina intaneti yake, kwa hiyo laini zote tatu zilikuwa kazini. Bi harusi yuko kwenye kiti, hina mpaka viwikoni, wanamfukiza udi. Ishara ya kope ikaja, nikageuza kwenye kurudufu, bwana harusi akaingia. Na umeme ukakatika.

Feni zikasita. Redio ya uani ikanyamaza, nikasikia kina bibi wote kwa mara ya kwanza. Ruta ya ndani ilikuwa imekufa, na kwenye kioo cha laptopu ile grafu ya tatu ikaporomoka mpaka sifuri, imelala kama uzi. Zile mbili nyengine, ya simu na ya kiruta, hazikutikisika. Kamera ina betri, laptopu ina betri, taa yangu ndogo ina betri. Nilikuwa nimeshikilia pumzi, macho yako kwenye namba ya chini kabisa ya OBS, ile ya picha zilizopotea. Ilisimama kwenye sifuri. Bwana harusi akaweka mkono kwenye paji la uso, akasoma dua mpaka mwisho, kwa mwanga wa taa ya betri, na mbele ya kioo nikaona ujumbe unapanda kutoka kwenye kundi: amin, amin, amin, mashallah, amin. Hakuna hata mmoja Muscat aliyejua kama kwetu kuna giza. Mmoja aliuliza mbona leo mmepunguza taa, pamependeza.

Kwa hiyo naipa nyota nne. Wanaitangaza kwa kasi, na kasi ipo ukiwa na laini nzuri mbili, lakini mie nailipia kwa dakika kumi zile. Mtu anayekaa nyumbani na laini moja inayomtosha kutazama tamthilia, asihangaike. Mwenye kurusha maulidi, mazishi, mchezo wa ng'ombe, au anayesomesha Qur-ani kwa watoto walioko nje na anachoka kuulizwa "ustadhi, umepotea", hiyo ni yake. Kazi ya Muscat siku hizi natoza shilingi 60,000 juu ya bei ya picha, bando mbali, na hakuna aliyelalamika.

Tuseme hakuna aliyelalamika kuhusu mtandao. Ile harusi ya kukatika umeme, baada ya bwana harusi kutoka niliacha kamera inazunguka uani, watu wanakula biriani kwenye masinia, picha safi kabisa, haikati. Usiku saa nne nikapigiwa simu kutoka Muscat. Ni yule yule mama mkubwa wa magoti. Kumbe ana ujamaa na nyumba hii pia. Nikajua anataka kunishukuru.

"Mwanangu, rudisha nyuma kidogo pale uani," akaniambia. "Lile sinia la maua, linalokuliwa na wale watatu wa kanga nyekundu. Liangalie ukingoni kama lina pengo. Sinia langu lile. Nimeliacha Wete tangu naondoka, nikaambiwa limeibiwa."

Nikarudisha nyuma. Pengo lipo.